Anayeshukiwa kuwa na kiharusi na aliyethibitishwa: jibu kwa afisa tabibu wa Mpwapwa

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni afisa tabibu katika kituo cha afya wilayani Mpwapwa. Ndani ya miezi miwili nimetoa rufaa tatu kwenda Dodoma mjini, na zote niliandika "kiharusi". Wa kwanza ni mzee wa miaka 67 aliyeamka upande wa kulia umelegea na hawezi kusema. Alirudi na jibu kwamba ni kiharusi cha kuziba kwa mshipa, ingawa picha yake ya CT (picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa eksirei na kompyuta) ya siku ile iliandikwa haina tatizo. Wa pili ni mama wa miaka 58 mwenye kisukari, ambaye mapokezi walimkuta na sukari ya 1.8, wakampa glukosi, akainuka na kuuliza yuko wapi. Wa tatu ni mama lishe wa miaka 49 ambaye mkono wa kushoto ulilegea na ulimi ukawa mzito, lakini gari lilipofika Kongwa alikuwa amepona. CT ikawa safi, akaruhusiwa na maneno "siyo kiharusi". Sasa naambiwa kwamba najaza gari la wagonjwa kwa watu wasio na kiharusi, na familia ndizo zinazochangia mafuta. Mgonjwa aliyethibitishwa ana tofauti gani na yule anayeshukiwa tu? Na je, niache kuandika kiharusi mpaka niwe na uhakika?

JIBU: Marahaba, Tabibu. Nianze na sehemu ya mwisho ya swali lako, kwa sababu ndiyo inayoweza kumdhuru mtu kesho asubuhi. Usiache kuandika, ila badilisha unachoandika. Andika "kiharusi kinachoshukiwa", kisha jaza chini yake mambo machache nitakayoyaeleza, maana hayo ndiyo yanayomtoa mgonjwa kundi moja na kumwingiza jingine, na mengi kati yake yamo mikononi mwako wewe uliyempokea kwanza, hayamo ndani ya mashine iliyoko mjini.

Watu wengi, wakiwemo baadhi yetu tulioko hospitali kubwa, huyatazama makundi haya mawili kana kwamba ni aina mbili za wagonjwa: huyu ana ugonjwa wa kweli, yule ana ugonjwa wa kudhaniwa. Sivyo. Ni vituo viwili katika safari moja. Shirika la Afya Duniani lilikieleza kiharusi, tangu miaka ya 1970, kuwa ni dalili zinazoanza ghafla za hitilafu katika sehemu ya ubongo, au ubongo mzima, zikadumu saa 24 au zaidi au zikaleta kifo, bila sababu nyingine inayoonekana isipokuwa ya mishipa ya damu. Tazama maneno hayo: hakuna mashine ndani yake. Kipimo cha CT kilikuwa ndiyo kwanza kinazaliwa, kwani mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo London mwaka 1971, kwa mashine aliyoibuni mhandisi Godfrey Hounsfield. Ni mwaka 2013 tu ambapo madaktari wa Marekani wa moyo na kiharusi walipendekeza maana mpya inayoutazama ubongo wenyewe, kwamba sehemu yake imekufa kwa kukosa damu, iwe ushahidi unatoka kwenye picha au kwenye dalili zilizodumu. Kwa hiyo neno "kuthibitishwa" lina uzito tofauti kutegemea limeandikwa wapi na kwa kipimo gani, na hapo ndipo mzee wako wa miaka 67 anapoingia.

Umeshangaa kwamba picha ilikuwa safi na bado tukaandika kiharusi cha kuziba. Fikiria bustani ya vitunguu inayonyweshwa kwa mfereji. Ukiuziba mfereji asubuhi, mchana majani bado ni ya kijani, na anayepita barabarani hawezi kujua kwamba mizizi imeanza kukosa maji. Kingo ya mfereji ikibomoka, hata mtoto anaona maji yamejaa njiani. Ndivyo ilivyo kwenye CT. Damu iliyovuja ndani ya ubongo huonekana nyeupe tangu dakika za mwanzo, ilhali sehemu iliyonyimwa damu huchukua saa kadhaa kuvimba na kuwa nyeusi, na katika saa za mwanzo picha inaweza kuonekana ya kawaida kabisa. Kazi kubwa ya CT ya kwanza ni kujibu swali moja: kuna damu iliyovuja au hakuna? Ikiwa haipo, sukari ni ya kawaida, na mgonjwa mbele yako ana upande mmoja uliolegea na usemi uliopotea ghafla, basi daktari anaandika kiharusi cha kuziba, na anakuwa amefanya hivyo kwa dalili zaidi kuliko kwa picha. Picha ya pili baada ya siku moja au mbili mara nyingi huonyesha doa lenyewe. MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, ikiwa na picha maalumu ya mtawanyiko wa maji huliona doa hilo mapema zaidi, ndani ya saa ya kwanza pengine, lakini nayo si malaika: takriban wagonjwa 7 katika kila 100 wenye kiharusi cha kuziba huweza kukosa alama kwenye picha yao ya mwanzo, hasa kinapokuwa nyuma ya ubongo.

Kwa hiyo ukisoma jalada la mgonjwa wa Dodoma lililoandikwa "kiharusi cha kuziba, kimethibitishwa", uliza kimethibitishwa kwa nini. Mara nyingi maana yake ni kwamba kuvuja kumeondolewa, na vifananishi, yaani magonjwa mengine yanayofanana na kiharusi, vimeondolewa. Huo ni uthibitisho halali, nami hutibu kwa huo kila wiki, lakini umejengwa juu ya maelezo ya mtu aliyemwona mgonjwa mapema. Maelezo hayo yakiwa mabovu, uthibitisho wetu nao ni mbovu.

Sasa tofauti zenyewe. Utafiti mmoja ninaourudia ninapofundisha ulifanyika Edinburgh, Uskoti, na kuchapishwa mwaka 2006. Uliwafuata watu 336 waliofika hospitali mara 350 wakishukiwa kuwa na kiharusi, na mwishowe asilimia 69 ya mara hizo kilikuwa kiharusi kweli na asilimia 31 kilikuwa kitu kingine. Waliothibitishwa walitofautiana na wengine kwa mambo ambayo hata wewe unaweza kuyaona bila umeme: saa ya kuanza ilijulikana barabara, dalili zilikuwa za sehemu maalumu ya mwili na za upande mmoja, na kulikuwa na dalili za ugonjwa wa moyo au mishipa, kama vile presha ya juu au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Waliokuwa na kitu kingine walikuwa zaidi na historia ya kupoteza fahamu au degedege mwanzoni, kuchanganyikiwa kwa muda mrefu kabla ya siku hiyo, au dalili za ugonjwa mahali pengine mwilini, mathalani homa na kifua.

Hesabu hiyo ya asilimia 31 uipeleke kwa anayekulaumu. Katika jiji lenye hospitali ya kufundishia, madaktari wa neva na mashine zote, karibu wagonjwa 3 katika kila 10 waliopokelewa kwa jina la kiharusi hawakuwa nacho. Wewe katika rufaa zako tatu, kama nitakavyoonyesha, umekosea moja, na hata hiyo nisingekulaumu sana. Kituo ambacho kila rufaa yake ya kiharusi inathibitishwa kingenitia wasiwasi zaidi, kwa sababu maana yake ni kwamba kinawapeleka wale walio wazi kabisa na kuwaacha wengine wakilala nyumbani.

Lakini matokeo ya Uskoti hayawezi kuvaliwa Mpwapwa kama kanzu ya kuazima. Kwanza, kwetu kiharusi cha kuvuja ni sehemu kubwa zaidi ya viharusi vyote kuliko Ulaya, kwa kuwa presha yetu haitibiwi, na kuvuja na kuziba haviwezi kutenganishwa kwa macho. Kuna hesabu za alama zilizobuniwa kwa ajili ya hospitali zisizo na CT, kama ile ya Siriraj kutoka Thailand, lakini sijawahi kuona sababu ya kumpa mtu aspirini kwa kuiamini. Pili, vifananishi vyetu ni vingine. Kule ni kifafa, kipandauso na maradhi ya uzee. Kwetu ongeza malaria kali, homa ya uti wa mgongo ya kifua kikuu, toksoplasmosisi (ugonjwa wa vimelea unaoshambulia ubongo) kwa mwenye VVU ambaye hajaanza dawa, na mabuu ya tegu wa nguruwe ndani ya ubongo katika maeneo yanayoachia nguruwe wazurure. Tatu, wagonjwa wetu wa kiharusi cha kweli ni vijana zaidi, kwa hiyo umri mdogo, ambao Ulaya humfanya daktari ashuku kifananishi, hapa usikutulize. Msichana wa miaka 22 mwenye valvu ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, mtoto mwenye selimundu, mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita: hao wote wanaweza kupata kiharusi halisi.

Kuna jambo la nne, ambalo halisemwi vya kutosha. Mradi uliohesabu viharusi nchini kati ya mwaka 2003 na 2006 ulipata, baada ya kusawazisha umri, viharusi vipya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na 315.9 jijini Dar es Salaam. Takwimu hizo zilipatikana kwa sababu watafiti walikwenda kuwatafuta wagonjwa katika jamii, wakiwemo waliokufa. Ukihesabu waliofika hospitali tu, unawahesabu waliovumilia barabara, waliokuwa na ndugu wa kuuza mbuzi, na waliofika saa ambayo mashine inafanya kazi. Kwa hiyo mtu akikuletea jedwali linalolinganisha "waliothibitishwa" na "walioshukiwa" katika hospitali yoyote ya kanda hii, na likaonyesha kwamba waliothibitishwa wanakaa mjini, wana bima na wanapona zaidi, usidhani ni sifa za kiharusi. Ni sifa za kuifikia CT. Kundi la "walioshukiwa" ni gunia lenye watu wa aina tatu: wasio na kiharusi, wenye kiharusi ambao hawakupigwa picha, na waliofariki kabla ya kupigwa picha.

Nije kwa mama wa kisukari, kwa sababu najua ndiye anayekuuma. Nilipokuwa daktari mchanga, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimpokea mzee mmoja akiwa amelegea upande wa kulia, mdomo umekwenda kando, anatoa sauti zisizoeleweka. Nilipima presha, nikapima tena, nikaandika maelezo marefu ya mfumo wa neva ambayo niliyaonea fahari, nikaomba kitanda. Muuguzi wa zamu ya usiku alipoingia, alimtazama mara moja, akasema, "Daktari, huyu mbona ametota jasho hivi, na feni imemwelekea?" Shati lilikuwa limegandia kifuani. Sukari ilikuwa 1.6. Alipewa glukosi ya mshipani, na kabla sindano haijaisha mkono wa kulia ulikuwa unamtafuta mkewe. Saa mbili nzima nilikuwa nimemwangalia mtu ambaye ubongo wake unakosa chakula, nikiandika.

Sukari iliyoshuka inaweza kuiga kiharusi kwa ukamilifu, upande mmoja na usemi kupotea, na hakuna uchunguzi wa mwili unaoweza kuvitenganisha kwa hakika. Mama yako wa miaka 58 huenda anatumia glibenklamaidi, kidonge ambacho athari yake hukaa mwilini muda mrefu, hasa figo zikiwa dhaifu. Mtu akimeza asubuhi na ugali usiive mpaka mchana, au akiwa na malaria na hali kitu, sukari huanguka, na hata baada ya kuinuliwa kwa glukosi inaweza kuanguka tena baada ya saa chache, kwa hiyo huyo haruhusiwi kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kosa la rufaa yako halikuwa kuandika kiharusi. Kosa ni kwamba safari ya zaidi ya kilomita 100 ilianza bila tone la damu kwenye kidole. Kama vipande vya kipima sukari vimeisha kituoni, na najua huisha, na mgonjwa anatumia dawa za kisukari, mpe glukosi kabla ya gari kuondoka, kisha uandike kwamba umempa bila kupima, na saa ngapi. Asiye na kisukari na asiye na sababu ya kushuka sukari usimtundikie glukosi kwa mazoea, kwa sababu sukari ya juu huudhuru ubongo wenye kiharusi.

Vifananishi vingine nitavipitia kwa haraka. Mtu aliyetoka kwenye degedege anaweza kulegea upande mmoja kwa saa kadhaa, wakati mwingine siku nzima au zaidi, hali iliyopewa jina la daktari Todd wa London wa karne ya 19. Dawa ya kuitambua ni kumuuliza aliyemwona akianguka, siyo aliyemleta: je, alitikisika, alijing'ata ulimi, alijikojolea? Uso kupinda peke yake, bila mkono wala usemi kuguswa, mwambie mgonjwa akunje paji la uso. Likishindwa kukunjika upande ule ule uliopinda, jicho nalo halifumbi, mara nyingi ni neva ya uso iliyopooza, wala ubongo haumo. Paji likikunjika vizuri na mdomo tu ndio umekwenda upande, shuku kiharusi. Homa na shingo ngumu havina mjadala. Harufu ya wanzuki isikudanganye pia, kwani mlevi naye hupata kiharusi, na mlevi huanguka na kuvujia damu chini ya fuvu bila mtu kujua. Na familia ikikuambia kwamba amerushiwa jini, usibishane nayo mbele ya mgonjwa. Waulize tu lilirushwa saa ngapi, maana ghafla ile wanayoielezea ndiyo dalili unayoitafuta.

Wapo pia wa upande wa pili, wenye kiharusi wanaoonekana kama hawana. Kipimo cha uso, mkono na usemi ambacho sote tumefundishwa hukipata kiharusi cha mbele ya ubongo vizuri, lakini hukikosa mara nyingi kile cha nyuma. Mgonjwa huja na kizunguzungu kilichoanza ghafla, anatapika, hawezi kuketi bila kuegemea upande, anaona vitu viwili viwili, na anatibiwa malaria au sumu ya chakula. Mtu mwenye presha ambaye ghafla hawezi kutembea, hata kama mikono yake ina nguvu sawa, mpe rufaa.

Ukitaka chombo cha kukusaidia, tumia hesabu ya ROSIER iliyotengenezwa Newcastle, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2005. Toa alama 1 kwa kila kimoja kati ya hivi vikianza ghafla: uso kulegea upande mmoja, mkono kulegea, mguu kulegea, usemi kuharibika, na upande mmoja wa macho kutoona. Punguza alama 1 kwa kuzirai au kupoteza fahamu, na alama 1 kwa degedege. Ikizidi 0, kiharusi kinawezekana. Mzee wako angepata 4 bila shida. Mama wa kisukari naye angeweza kupata 3 au 4, na ndiyo sababu waliotengeneza chombo hiki waliweka sukari kabla ya alama zote: sukari ya chini irekebishwe kwanza, kisha mgonjwa ahesabiwe upya. Usiitumie ROSIER kumzuia mtu asiende. Itumie kuandika kwa mpangilio kile ulichokiona.

Na juu ya yote, saa. Swali si "dalili zimeanza lini" bali "mara ya mwisho alionekana mzima lini". Mzee wako aliamka amelegea, kwa hiyo saa yake haihesabiwi tangu alfajiri, inahesabiwa tangu mtu wa mwisho alipozungumza naye na akajibu vizuri. Watu wa vijijini wanakumbuka saa kuliko tunavyodhani, ila hawaikumbuki kwa tarakimu. Uliza: alikula chakula cha usiku na ninyi? Aliamka kwenda chooni? Alikuwepo redio ilipotoa taarifa ya habari ya saa mbili? Ng'ombe walipotoka zizini nani aliwafungulia? Kisha andika saa hiyo pamoja na neno asubuhi, mchana au usiku. Nasisitiza hili kwa sababu niliwahi kupokea fomu iliyoandikwa "ameanza saa 8", mgonjwa akiwa amefika saa kumi na moja jioni. Mwandishi alimaanisha saa nane mchana, daktari wa zamu akasoma kwa saa ya kimataifa, yaani saa mbili asubuhi. Kwa hesabu ya kwanza zilikuwa zimepita saa tatu, kwa ya pili saa tisa. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, alteplesi, ilionyesha faida katika utafiti wa Marekani wa mwaka 1995 ikitolewa ndani ya saa 3, na mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ukaisogeza hadi saa 4 na nusu. Saa tatu na saa tisa ni watu wawili tofauti kabisa.

Najua utaniambia kwamba mgonjwa wako hafiki ndani ya saa 4 na nusu, na kwamba hata akifika, dawa hiyo si ya kila siku katika hospitali zetu. Ni kweli kwa walio wengi. Lakini haraka ina faida nyingine. Aspirini ikianza ndani ya saa 48, kwa mujibu wa tafiti mbili kubwa za mwaka 1997 zilizokuwa na wagonjwa wapatao 40,000 kwa pamoja, huepusha kifo au kiharusi kingine kwa watu takriban 9 katika kila 1,000. Si wengi, ila kidonge ni cha bei ya peremende. Sharti lake ni kwamba picha iwe imeondoa kuvuja, kwa hiyo wewe huko kituoni usiitoe. Vivyo hivyo presha. Mshipa ukiwa umeziba, presha iliyopanda ndiyo inayoisukuma damu kupitia vijia vya pembeni, na kwa asiyepewa dawa ya kuyeyusha hatuigusi mpaka ivuke 220 kwa 120. Kile kidonge cha nifedipini kinachotobolewa na kukamuliwa chini ya ulimi, ambacho bado nakiona kwenye fomu za rufaa, kiache kabisa, maana huiangusha presha kwa kishindo na kuipanua sehemu iliyokufa. Wala ndugu wasimnyweshe uji wala maji njiani. Nusu ya koo inaweza kuwa imelegea pamoja na nusu ya uso, na nimimonia ya kupaliwa huua wagonjwa ambao kiharusi chenyewe kisingewaua.

Kuhusu kitabu cha MTUHA, yaani rejesta ya takwimu za wagonjwa kituoni, andika kile unachokijua siku hiyo. Mfumo wa kimataifa wa kuyapa magonjwa namba, ICD-10, una namba I64 kwa kiharusi kisichobainishwa kama ni cha kuvuja au cha kuziba, na hiyo ndiyo ya kituo kisicho na CT. I63 ni ya kuziba na I61 ni ya kuvuja ndani ya ubongo, nazo ziachie hospitali iliyopiga picha. Jibu la rufaa likirudi, rekebisha pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine, usifute la kwanza. Baada ya mwaka utakuwa na ulinganisho wako mwenyewe, wa watu wa Mpwapwa, wenye thamani kuliko ninaokupa mimi wa Edinburgh. Usiporudishiwa jibu, piga simu. Kutojibu rufaa ni ugonjwa wetu sisi wa mjini.

Nimemwacha mama lishe mwisho kwa makusudi. Mkono ulilegea ghafla, ulimi ukawa mzito, vyote upande mmoja, kisha vikaisha vyenyewe kabla ya kufika. CT safi haikanushi chochote hapo, kwa kuwa hakuna sehemu iliyokufa ya kuonekana. Maneno "siyo kiharusi" yanaweza kuwa sahihi kwa maana finyu ya saa 24, lakini kwa mama huyo ni ya hatari. Alichopata kinaonekana kuwa kiharusi cha kupita, bonge lililoziba kisha likayeyuka, na katika utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2000, karibu mtu 1 katika kila 10 wa aina yake alipata kiharusi kamili ndani ya siku 90, nusu yao ndani ya siku 2 za mwanzo. Kati ya wagonjwa wako watatu, huyu ndiye aliyekuwa na cha kupoteza zaidi, na ndiye aliyerudi bila dawa.

Siku mbili zimeshapita, lakini siku 90 pengine bado. Mtume mhudumu wa afya ngazi ya jamii amtafute leo, aje kituoni na karatasi zake zote pamoja na picha ya CT. Mpime presha mikono yote miwili, sukari, VVU na kaswende, na ushike mshipa wa mkono dakika nzima ukisikiliza kama mapigo yana mpangilio. Yakiwa na mpangilio na moyo hauna mlio, kwa kuwa CT imeshaondoa kuvuja, mwanzishie aspirini, na presha ikiwa juu muanzishie dawa za kumeza kila siku. Yakiwa hayana mpangilio, au ukisikia mlio wa valvu, usianze na aspirini, kwa sababu anaweza kuhitaji dawa ya kuzuia damu kuganda baada ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na picha ya moyo, hivyo arudi Dodoma akiwa na barua yako. Safari hii andika: "Kiharusi cha kupita kinachoshukiwa. Alilegea mkono wa kushoto na usemi, alipona njiani kabla ya Kongwa." Weka tarehe, weka saa, na useme kama ni ya asubuhi au ya mchana.